Nike, Adidas, Puma, Under Armour au ile ya Kariakoo isiyo na jina? Tuongee nguo za mazoezi kwa joto letu hili

Habari zenu wakuu.

Kila wiki naona mtu anauliza nichukue Nike au Adidas kwa ajili ya mazoezi, na majibu anayopewa ni ushabiki mtupu kama wa Simba na Yanga, huyu anasema Nike ndo baba lao, yule anasema Adidas ndo inadumu, mwishowe muulizaji anaondoka na hela yake mkononi hajui hata aanzie wapi. Mimi nakimbia hapa Dar huu mwaka wa saba, jumamosi na klabu yetu ya jogging, katikati ya wiki peke yangu alfajiri kabla ya kazi, na nguo za mazoezi nimenunua za kila aina, za dukani zenye risiti, za Kariakoo, za mtumba Karume, za kuagizia kwa watu wanaotoka nje. Kwahiyo naomba niandike kwa kirefu, mwenye haraka arudi baadae.

Hoja yangu kubwa ni moja. Tofauti iliyopo kati ya Nike na Adidas ni ndogo kuliko tofauti iliyopo ndani ya Nike yenyewe, au ndani ya Adidas yenyewe. Yaani ukiniambia "nimenunua fulana ya Adidas" bado hujaniambia kitu. Ipo fulana ya Adidas ya pamba tupu yenye mistari mitatu mabegani, hiyo ni ya kutokea jumapili, ukikimbia nayo Dar kilomita 5 inakuwa kama umevaa taulo lililolowa. Na ipo fulana ya Adidas hiyohiyo imeandikwa Aeroready, nyepesi, inakauka, ile ndo ya kazi. Nembo moja, kampuni moja, na pale mtumbani zinaning'inia jirani, bei wakati mwingine ni ileile. Anayechagua kwa nembo anaweza kutoka na yoyote kati ya hizo mbili na asijue kachukua ipi.

Nike nao hivohivo. Kuna upande wao wa nguo za mtaani, kofia za sweta na fulana nzito, halafu kuna Dri-FIT, na juu yake kuna Dri-FIT ADV ambayo ndo wanapewa wanariadha wao. Hata hiyo Dri-FIT usiifumbie macho, maana zipo zilizochanganywa na pamba zaidi ya nusu na bado zimeandikwa Dri-FIT. Puma wana dryCELL. Under Armour wana HeatGear ya joto na ColdGear ya baridi, ukiona hilo neno la pili na unaishi Temeke irudishe kwenye henga. Haya majina yote ni ya kibiashara, kila kampuni imejitungia lake, ila kinachofanyika ndani ya kitambaa ni kilekile, nyuzi za poliesta zimetengenezwa kwa namna ambayo jasho linavutwa kutoka kwenye ngozi, linasambaa kwenye uso wa nje wa nguo, linapigwa na upepo linakauka.

Sasa hapa ndo naomba tuelewane kuhusu pamba, maana wazee wetu walituambia pamba ndo nguo ya joto na hawakukosea, kwa mtu aliyekaa barazani. Pamba inakunywa. Hata kabla hujatoka jasho, kwenye hewa ya kawaida tu, uzi wa pamba unabeba maji kama asilimia 8 ya uzito wake, wakati poliesta haifiki hata asilimia 1. Ukianza kutoka jasho pamba inaendelea kunywa tu, haiachii, inakuwa nzito, inagandia mgongoni, na pale inapogandia inasugua.

Nieleze kisa changu hapo. Mwaka wangu wa pili wa kukimbia nilijiandikisha mbio za hisani za kilomita 21, tukapewa fulana ya tukio, nzuri kwa macho, kifuani imechapwa nembo za wadhamini kubwa kama sahani, ile chapa ya plastiki inayong'aa. Nikasema ndo ya kukimbilia, wenzangu wote wamevaa. Kufika kilomita ya 12 nasikia kifua kinawaka, nikadhani ni jasho linaingia kwenye kipele. Kufika kilomita ya 17 kijana aliyekuwa anagawa maji akaniambia kaka unatoka damu. Naangalia fulana, mistari miwili myekundu imeshuka kutoka kwenye chuchu mpaka tumboni. Ile chapa kwa ndani ilikuwa imefanya kitambaa kigumu kama karatasi ya msasa, na pamba iliyolowa ilikuwa inaivuta chini kila hatua. Nilimaliza nimeishikilia fulana kwa mikono miwili isiguse kifua. Wiki nzima kuoga ilikuwa adhabu.

Toka siku ile nikiokota nguo sianzi na nembo, naigeuza nje ndani. Na hii ndo naomba muichukue hata kama mengine yote mtaacha. Geuza nguo, angalia mshono wa kwapani na wa katikati ya mapaja kama ni bukta. Mshono wa kawaida umesimama kama ukingo wa bahasha, ukipitisha kidole kinakwama. Mshono bapa umelala, vitambaa viwili vimeunganishwa vikalazwa sambamba, ukipitisha kidole kinateleza kama hakuna kitu. Kwa mtu anayetembea haina shida yoyote. Kwa mtu anayerusha mkono mara elfu kadhaa kwa saa moja huku kwapa limelowa chumvi, huo mshono ndo unaamua kama utaoga kwa amani au kwa kelele. Na hapa niwape haki yao makampuni makubwa, kwenye nguo zao za mbio mshono bapa unaukuta mara nyingi, na vile vilebo vya shingoni wengi wameacha kushona wanachapa moja kwa moja kwenye kitambaa. Kariakoo zipo pia, ila lazima uchague moja moja.

Baada ya mshono natafuta lebo ndogo ya ubavuni, ile wengi wanaikata. Pale ndo pameandikwa asilimia za nyuzi. Jina la kifuani kampuni imejiamulia yenyewe, asilimia za nyuzi sheria za Ulaya na Marekani zinawalazimisha waandike, kwahiyo mimi naamini lebo kuliko kifua. Fulana ya kukimbia nataka poliesta 100 au poliesta na spandeksi kidogo, ule uzi unaovutika. Taiti nataka spandeksi ifike 15 mpaka 20 hivi, hiyo ndo inarudi ukiivuta, chini ya hapo baada ya miezi kadhaa magoti yanatoka kama suruali ya fundi.

Halafu nina chupa ya maji. Wauzaji wa Karume wanaonijua wameshazoea, nadondosha tone moja kwenye pindo la chini la fulana. Fulana ya jasho tone linatawanyika papo hapo linakuwa duara kubwa jembamba, ukihesabu mpaka tano huoni tena tone. Fulana ambayo ni poliesta ya bei chee isiyotengenezwa kwa jasho, tone linasimama kama jicho la samaki linakuangalia. Hiyo ukiivaa jasho litabaki upande wa ngozi yako linatiririka mpaka kwenye soksi. Mwombe muuzaji ruhusa lakini, sio unafika tu unamwagia mtu mali yake maji.

Kuhusu huu ushindani wenyewe niseme kidogo, maana watu wanagombana bila kujua chimbuko. Pale Ujerumani kuna mji mdogo unaitwa Herzogenaurach. Ndugu wawili wa tumbo moja, Adolf na Rudolf Dassler, walikuwa na kiwanda kimoja cha viatu tangu 1924, na Jesse Owens alivaa spaiki zao kwenye Olimpiki ya Berlin 1936. Baada ya vita wakakosana wakagawana mali, Rudolf akavuka mto akaanzisha Puma 1948, Adolf aliyeitwa Adi akaandikisha Adidas 1949. Mji ukagawanyika, watu wakawa wanaangaliana miguuni kwanza ndo wasalimiane. Nike ni wa juzi tu, Phil Knight na kocha wake Bill Bowerman walianza 1964 kule Oregon wakiuza viatu vya Kijapani vya Onitsuka Tiger, yaani hawa tunaowaita Asics leo, jina la Nike likaja 1971.

Sasa angalieni, hao wote walianza na kiatu. Aliyeanza na fulana ni Under Armour. 1996, kijana anaitwa Kevin Plank aliyekuwa anacheza ile mpira wa Kimarekani chuo kikuu cha Maryland, alichoka kubadilisha fulana za pamba zilizolowa chini ya jezi, akatafuta kitambaa laini cha kubana kisichokunywa jasho akashonesha fulana. Kampuni nzima imetoka kwenye tatizo lilelile lililonitoa damu mimi. Ndo maana kwa nguo za kubana za gym binafsi nawaheshimu sana, ukiipata fulana yao ya HeatGear mtumbani haijachoka usiiache.

Ila, na hii ila ni kubwa, hizo za kubana zinasifiwa na watu wa nchi ambazo hewa ni kavu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sio pale linapotoka. Dar mwezi wa tatu saa kumi na mbili asubuhi hewa yenyewe imeshalowa, jasho linakwenda wapi? Kitambaa kiwe na teknolojia ya mbinguni, kama hewa haipokei maji jasho litabaki pale pale. Kwahiyo kwa mtu wa Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, mimi nasema nguo pana ishinde nguo ya kubana, na matundu yashinde jina. Singlendi iliyolegea yenye vitundu mgongoni na kwapani, upepo unaingia chini unatoka juu, hiyo isiyo na jina inaweza kukufaa kuliko ya kubana ya laki moja. Hili nimelijaribu mwenyewe kwenye njia ileile, kutoka Coco Beach kupanda daraja la Tanzanite na kurudi, wiki kwa wiki, na kila mara singlendi pana inaniacha na pumzi nzuri zaidi mwishoni.

Nimeona maswali yenu, ngoja nijibu yale yanayojirudia.

"Mkuu kwahiyo unasema hela ya Nike inaliwa bure?"

Hapana, sijasema hivo. Ukinunua nguo halisi ya daraja la mbio la kampuni yoyote kubwa unapata vitu vya kweli. Mkato umefikiriwa, mkono ukiinua nguo haipandi mpaka kitovuni. Rangi haitoki. Bukta ina mfuko mdogo wa nyuma wenye zipu wa ufunguo na hela ya bodaboda. Kuna vipande vinavyomulika ukipigwa taa, na hicho kwa anayekimbia alfajiri barabara za kwetu ni uhai kabisa. Ninachokataa ni mtu kulipa bei ya daraja la mbio akapewa fulana ya kutokea kwa sababu tu ina alama ya vema.

Na mkitaka kujua nembo haikimbii angalieni wanaoshinda. Wakenya timu ya taifa wanavaa Nike, Waethiopia Adidas, Wajamaika Puma. Kipchoge alipopita chini ya masaa mawili pale Vienna 2019, 1:59:40, alikuwa ndani ya Nike. Tigist Assefa alipokimbia 2:11:53 Berlin 2023 alikuwa ndani ya Adidas. Bolt na ile 9.58 ya 2009, Puma. Zote zimefika. Na Simbu wetu pale Tokyo 2025 alimaliza marathoni kwa muda mmoja na Mjerumani, 2:09:48 wote wawili, ikabidi waangalie picha ndo wajue dhahabu ni ya Tanzania. Nilikuwa naangalia kwenye simu mikono inatetemeka, na wala sikukumbuka kuangalia nembo ya singlendi yake.

"Mimi sikimbii, napiga chuma tu, na mimi nihangaike na poliesta?"

Wewe ndugu yangu una nafasi kubwa zaidi. Gym unanyanyua unapumzika, hakuna kusuguana kwa saa nzima, fulana ya pamba ni sawa kabisa na haitunzi harufu kama poliesta. Kwako kipaumbele ni chini. Bukta au traki ambayo ukichuchumaa haikubani paja wala haichaniki kati, kwahiyo tafuta yenye kipande cha ziada cha pembe nne pale katikati ya miguu, kigeuze utakiona kimeshonwa peke yake. Bukta isiyo na hicho kipande mishono minne inakutana sehemu moja, na hapo ndo zinapasukia zote.

"Dada zako tusaidie na taiti, tukiinama tunaonekana"

Hili sio la kuchukulia poa, na wala bei haikulindi. Lululemon ya Canada, kampuni ambayo suruali yake moja ni mshahara wa mtu, mwezi wa tatu 2013 iliziondoa madukani taiti zake nyeusi kwa sababu zilikuwa zinaonyesha ndani. Kwahiyo usiulize kampuni, fanya jaribio. Ingiza mkono ndani ya taiti sehemu ya makalio, funga ngumi, ivute mpaka ibane, elekeza kwenye jua. Ukiona rangi ya ngozi yako achana nayo hata kama muuzaji anaapa. Mke wangu ananiambia niongeze kwamba kiunoni kipande kiwe kipana na cha safu mbili, lile lastiki jembamba linakata tumbo na linajikunja ukikimbia.

Sidiria ya mazoezi usinunue kwa kuangalia rangi. Kwenye lebo wanaandika daraja la kushika, kuna ya kushika kidogo ya yoga, ya wastani ya gym, na ya kushika sana ya kukimbia. Mwenye kifua kikubwa anayekimbia na ile ya yoga atapata maumivu ya mgongo na mabega atadhani ni raba. Na hiki ni kitu kimoja ambacho mimi nashauri msinunue mtumba, sio kwa ajili ya usafi tu, ni kwamba lastiki yake imeshafanya kazi yake kwa mwenzio, ukiivuta inarudi kivivu.

Kwa wanaojisitiri, Nike walitoa hijabu ya michezo mwishoni mwa 2017, ya poliesta nyepesi yenye vitundu vidogo na mgongoni ndefu isichomoke, na saivi zinazofanana nayo zisizo na jina zipo mitaani. Kipimo ni kilekile cha tone la maji, ila ongeza hiki, ivae masikioni uone kama unamsikia mtu anayekuita kutoka nyuma. Unakimbia barabarani, lazima usikie honi.

"Nitajuaje feki?"

Kwanza "Made in Vietnam" au Cambodia au Indonesia sio ufeki, hizo kampuni kubwa karibu mali zao zote zinashonwa Asia, ukiona imeandikwa Made in USA au Germany hapo ndo ushtuke. Pili tafuta namba ya bidhaa kwenye lebo ya ndani. Nike ni herufi na tarakimu jumla yake sita, kistari, halafu tarakimu tatu za rangi. Adidas ni herufi na tarakimu jumla yake sita tu. Iandike gugo. Ikikuletea nguo hiyohiyo, rangi hiyohiyo, una dalili nzuri. Ikikuletea kiatu au koti, umeshajua. Haikuhakikishii kila kitu maana wanaonakili wananakili na namba, ila inawakamata wavivu, na wavivu ni wengi.

Tatu ni kosa nalolisikia sana kwenye jezi za timu za Ulaya. Watu wanasema nembo ya timu ikiwa imegundishwa kwa joto ni feki, ikiwa imetariziwa ni halisi. Sio hivo. Adidas kwa miaka hii jezi ya shabiki ndo inatariziwa, ile ya mchezaji mwenyewe nembo inabandikwa kwa joto ili iwe nyepesi na isisugue kifua. Ndugu mmoja wa klabu yetu alipewa zawadi jezi ya mchezaji akaigawa kwa mdogo wake akidhani kapewa kopi, nilimwonea huruma.

Na feki sio kila mara ni mbaya kuvaa, hilo niseme wazi. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya halisi. Kama ni kopi, ulipe ya kopi, na uipime kwa mshono na tone kama nguo nyingine.

"Vipi hizi za Kichina, Li-Ning, Anta, 361?"

Msizidharau. Li Ning ni mtu, alikuwa mchezaji wa jimnastiki wa Olimpiki, alichukua dhahabu tatu Los Angeles 1984, akaanzisha kampuni 1990, na ndiye aliyewasha mwenge Beijing 2008. Anta ndo walioongoza kundi lililoinunua Amer Sports 2019, wenye Salomon na Wilson. Ukikuta mali yao ya mbio ipime kwa macho yaleyale. Na kwenye mtumba jicho lako lizoee jina la Kalenji na Kiprun, hizo ni za Decathlon ya Ufaransa, na Domyos ni ya gym. Watu wanaziruka kwa sababu hawalijui jina, mimi bukta yangu bora kuliko zote ni Kalenji ya elfu 7, ina miaka mitatu na mshono haujafumuka hata uzi.

"Sisi wa Mbeya na Njombe umetusahau"

Sijawasahau. Kwenu kila kitu nilichosema kuhusu nguo pana kinageuka. Asubuhi ya mwezi wa sita vaa ya kubana ya mikono mirefu ndani, ya poliesta sio pamba, maana pamba ikilowa kwenye baridi inakugandisha, juu weka fulana pana, na koti jepesi la upepo unaloweza kulifunga kiunoni ukishachemka. Nilikosea upande wa pili mimi. Niliokota fulana ya kubana mtumbani, nzuri, nembo kubwa, nikaikimbilia Dar mwezi wa kwanza. Ndani ilikuwa na manyoya mafupi laini sana ambayo pale sokoni nilidhani ndo ubora. Kilomita ya tatu nikaanza kuona nyota, nikakaa ukutani pale nikaivua, mama muuza vitumbua akanipa maji ya kujimwagia kichwani. Yale manyoya ni ya kutunza joto kwenye theluji. Kwahiyo ukigeuza nguo ukikuta laini kama blanketi, ni ya wenzetu wa Makete hiyo, waachieni.

"Yangu inanuka hata nikifua, tatizo ni nini?"

Poliesta inashika mafuta ya mwili kuliko pamba, na bakteria wanakaa humo. Usiiache imekunjwa kwenye begi mpaka jioni, ukifika tu isuuze hata kwa maji matupu. Ifue ikiwa imegeuzwa, maji yasiwe ya moto, na zile dawa za kulainisha na kunukisha nguo usiweke kabisa, zinaacha utando juu ya nyuzi na ule uwezo wa kuvuta jasho unakufa. Nguo nyingi watu wanasema zimechoka kumbe zimezibwa. Ya kwako loweka nusu saa kwenye maji yenye siki nyeupe kidogo, kisha fua kawaida uone. Pasi marufuku, na taiti anika kivulini, jua letu linakula spandeksi.

Mdogo wangu mmoja kaniandikia inbox ana elfu 50 tu anaanza mazoezi jumamosi hii, anataka nimchagulie kampuni. Nimemwambia aende Karume asubuhi na mapema siku wanayofungua mizigo, na chupa yake ya maji. Bukta moja yenye nyavu ndani na mfuko wa zipu, singlendi mbili pana za poliesta, moja inavaliwa moja inakauka, rangi nyeupe au ya kung'aa madereva wamuone. Soksi mbili mpya za dukani zisizo za pamba tupu, hapo asibane hela maana lengelenge la kwanza ndo linaloacha watu mazoezi. Kitakachobaki akiweke kwenye raba, na raba ni uzi mwingine, nitaufungua nikishapita kwa wale jamaa wa Mchikichini nikapiga picha za soli.